Mama amefariki, mdogo wangu ameambiwa amesafiri

Shangazi, shikamoo.

Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 31 na alizaliwa na hali ya Down, yaani ana ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Kuongea anaongea, ingawa sentensi zake ni fupi na asiyemzoea humwelewa kwa shida. Alikuwa anaoga mwenyewe, anatandika kitanda chake, anakwenda peke yake kwenye karakana wanakofundishwa kazi za mikono, na jioni akirudi lazima asimulie nani alikuja leo na nani hakuja. Ni mtu wa vicheko. Wageni walikuwa wanauliza yuko wapi hata kabla hawajakaa.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Aliugua kwa muda mfupi, akalazwa, hakurudi. Wakubwa wa familia wakaamua mdogo wangu asiambiwe. Walisema hatalielewa, na akilielewa litamvuruga. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani. Alipouliza akaambiwa mama amesafiri, na tangu hapo nyumba nzima tunasema hivyo hivyo.

Miezi ya mwanzo alionekana yuko sawa. Kisha akaanza kubadilika. Karakana ameacha kwenda. Ukimhimiza anakaa sakafuni na hainuki. Chakula anakigusa tu, amekonda mpaka suruali zinamporomoka. Usiku halali. Namkuta ameketi karibu na mlango, amevaa viatu, na nikimvua anavivaa tena. Amerudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha utotoni. Anajipiga sikio la kulia kwa kiganja, tena kwa nguvu. Hivi karibuni alimsukuma mama mdogo aliyekuwa anamwogesha, yeye ambaye hajawahi kumsukuma mtu. Na kuna maneno anayarudia kila siku: "Nataka kwenda kwa mama."

Tulimpeleka kwa daktari. Sijamaliza kueleza, daktari akamtazama usoni akasema watu wa hali hii wakikua huwa hivyo, wanakuwa wakali. Hakumpima wala hakumuuliza chochote. Tukaandikiwa dawa ya kumtuliza. Sasa anasinzia mchana, mate yanamtoka, anatembea amekakamaa, na usiku bado yuko mlangoni.

Mjomba anasema nina maisha yangu na wakati umefika wa kumtafutia makazi ya kulelea watu kama yeye. Mama mdogo anamwogopa. Wengine wanasema ameongezewa wazimu juu ya ulemavu wake. Shangazi, mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kupata sonona kama sisi? Na kama ni hiyo, atasaidiwaje mtu asiyeweza kukaa na mtaalamu akaeleza yaliyo moyoni? Tumwambie ukweli sasa, au tumeshachelewa?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Pole hii ni yako na ya mdogo wako pia, maana kwa ninavyosoma barua yako, mpaka leo hakuna aliyempa yeye pole.

Ndiyo, anaweza kupata sonona. Anaweza kupata hofu kali, anaweza kuomboleza, anaweza kuugua ugonjwa wowote wa akili anaoweza kuugua mtu mwingine, na tena watu wenye ulemavu wa akili huugua zaidi kuliko wengine. Watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliwachunguza watu wazima 1,023 wenye ulemavu huo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Wataalamu waliona kuwa watu wapatao wanne katika kila kumi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili, wakihesabiwa humo na wenye tabia zinazowaletea shida wao au wenzao. Kwa hiyo mdogo wako si kioja, na hakuna aliyemwongezea chochote. Ameumia.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Ulemavu wake alizaliwa nao. Kwa miaka 31 aliishi nao huku akioga mwenyewe, akienda karakana na kuchekesha wageni. Kitu ambacho kimekuwepo siku zote hakiwezi kueleza badiliko lililoanza juzi. Daktari yule alitazama sura, akaona jibu limeshapatikana, akaacha kutafuta. Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani Steven Reiss na wenzake waliwapa wataalamu maelezo ya mtu mwenye hofu iliyomlemea. Hofu ilikuwa ile ile, lakini pale mtu huyo alipotajwa kuwa na ulemavu wa akili, wataalamu hawakuwa wepesi kuiona kama ugonjwa unaohitaji tiba. Ulemavu unatia kivuli juu ya kila kingine. Ndiyo maana ukirudi hospitali, sentensi yako ya kwanza iwe: "Hakuwa hivi." Kisha usiache kuirudia.

Na urudi kweli, mapema, kwa sababu mwili wake haujapimwa. Nina hakika msiba una mkono wake humu, ila kuna dalili ulizozitaja ambazo sitaki mtu yeyote aziweke kwenye huzuni kabla hazijachunguzwa. Sikio, kwanza. Watu wenye hali ya Down huwa na njia za masikio nyembamba, nta inajaa haraka, maambukizi ni ya kawaida. Mtu mwenye maneno machache anayejipiga sehemu ile ile moja huenda anakuonyesha panapouma. Sikio likionekana salama, watazame meno ya upande huo. Kisha damu: tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango ni jambo linalotokea sana kwa watu wa hali hii, na humfanya mtu awe mzito, mwenye usingizi, asiyejali, mpaka wote mkadhani ni sonona. Kukonda pamoja na kukojoa kitandani kunataka apimwe sukari, na mkojo uchunguzwe kama una maambukizi. Uliza pia choo chake kikoje, maana choo kigumu peke yake huondoa hamu ya kula na kumfanya mtu awe mkali, na baadhi ya dawa za kutuliza hukizidisha. Kama anakoroma na pumzi inakatika usingizini, liseme.

Kuna moja nitaliweka peke yake kwa uzito wake. Baadhi ya watu wenye hali ya Down wana mifupa ya juu ya shingo isiyoshikana imara, na ikisogea inaweza kubana uti wa mgongo. Kubadilika kwa mwendo na kushindwa kuzuia mkojo ni dalili mojawapo. Kukakamaa kwake pengine ni dawa, kwa kuwa umesema kulianza baada ya dawa, lakini mwambie daktari hayo mawili kwa pamoja na umwombe aichunguze shingo. Akianza kulegea mikono au miguu, au kulalamika shingo, usingoje siku ya miadi.

Kuhusu hiyo dawa: usiikatishe ghafla. Nafahamu hamu ya kuitupa, ila kuikata kwa siku moja kunaweza kumletea shida nyingine. Mrudishe kwa aliyeiandika, au kwa mwingine, mwambie juu ya mate, usingizi na ukakamavu, uliza inatibu ugonjwa gani hasa, mtajuaje kama inasaidia, na itaachwa lini. Kama hakuna jibu kwa swali la kwanza, omba mpango wa kuipunguza polepole. Haya si maoni yangu tu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza, Wales na Australia. Watu 86 wenye ulemavu wa akili na tabia za ukali waligawanywa, wengine wakapewa risperidone, wengine haloperidol, zote dawa za kutuliza, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Ukali ulipungua katika makundi yote matatu, na waliopewa vidonge vitupu hawakuwa nyuma ya wenzao. Mwaka 2015 ripoti ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakipewa dawa za namna hii, dawa za sonona au zote mbili bila sababu ya kitabibu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huko kampeni ya kuzipunguza. Zipo nyakati dawa ni ya lazima. Na ikithibitika ni sonona, dawa za sonona zinaweza kumfaa, zikianzwa kwa kiasi kidogo na kuongezwa taratibu. Lakini dawa ya kumnyamazisha mtu ambaye hajaulizwa analilia nini mimi siikubali.

Sasa mama.

Umeuliza kama mmechelewa. Hapana. Anangoja bado, na kila usiku anaongoja ni usiku mwingine wa kuamini kwamba mama yupo mahali fulani na amechagua kutorudi kwake. Mwanangu, wakubwa walitaka kumkinga, sina shaka na upendo wao. Ila mtoto aliyeishi na mama yake miaka 30 hivi hawezi kukingwa na kutokuwepo kwake. Kitanda anakiona kitupu, sauti haisikii, watu wanakatisha mazungumzo akiingia. Ameambiwa amesafiri, basi amevaa viatu tayari kwa safari. Kwa maelezo aliyopewa, anafanya kitu cha maana kabisa.

Mwambie wewe, si mtu mwingine, kwa kuwa wewe ndiye anayekutegemea. Chagua asubuhi, mahali alipozoea, bila watu wengi. Tumia maneno yasiyo na tafsiri mbili: "Mama alikuwa mgonjwa sana. Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hawezi kurudi. Tulisema amesafiri, haikuwa kweli, na tunakuomba msamaha." Kisha ongeza hili, hata asipouliza: "Si kosa lako. Hukufanya kitu kibaya." Wengi huamini mzazi ameondoka kwa sababu yao. Usiseme amelala, atakuja kuogopa kulala. Usiseme ametutoka wala tumempoteza, atataka kumtafuta. Nyamaza umpe muda. Anaweza kulia, kupiga kelele, kukasirika na ninyi, au kuomba chai kana kwamba hujasema kitu. Kesho akiuliza tena mama yuko wapi, mpe jibu lile lile kwa maneno yale yale, bila kuchoka mbele yake.

Maneno peke yake hayatatosha. Mpeleke kaburini. Alinyimwa mazishi, basi mfanyieni kuaga kwake mwenyewe: achague cha kuweka pale, aseme au anyamaze, mkae mpaka yeye ainuke. Mtengenezee pia kitabu kidogo cha picha, ukurasa mmoja jambo moja: mama akiwa mzima, mama mgonjwa, hospitali, kaburi, halafu yeye na wewe nyumbani leo. Mtu asiyesoma anaweza kukifungua usiku peke yake, na kidole chake kikisimama kwenye ukurasa fulani unajua pa kuanzia. Na apewe kitu cha mama kiwe chake. Mwaka 1997 daktari wa magonjwa ya akili Sheila Hollins na mwenzake Esterhuyzen walichapisha utafiti wa watu wazima 50 wenye ulemavu wa akili waliofiwa na mzazi. Huzuni na shida za tabia zilikuwepo, ila mara nyingi walezi hawakuziunganisha na kifo. Hilo ndilo lililokuwa likitokea nyumbani kwenu.

Hayo maneno "nataka kwenda kwa mama" usiyapite. Huenda yana maana ya safari mliyomwambia. Huenda yana maana ya kutaka kufa, maana watu wenye ulemavu wa akili nao hufikia huko, na kwa sababu hakuna anayewadhania, hakuna anayewauliza. Baada ya kumwambia ukweli, msikilize kama bado anayasema. Muulize polepole: utakwendaje kwa mama? Unataka kufa? Kuuliza hakumpandii wazo ambalo hakuwa nalo. Ukiona ndiyo, au ukiona anajidhuru kwa makusudi, asiachwe peke yake, dawa zote nyumbani zifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akiganda: akikaa mkao mmoja kwa muda mrefu, asiongee kabisa, asile wala kunywa. Hali hiyo ni dharura, na inatibika.

Umesema hawezi kukaa na mtaalamu akaeleza yaliyo moyoni. Kazi ya kubadilika hapo ni ya mtaalamu. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2016 kuhusu afya ya akili ya watu wenye ulemavu huu unataka tiba ya mazungumzo irekebishwe imfuate mtu. Vikao viwe vifupi, swali moja kwa wakati, picha za nyuso zenye huzuni, hasira na furaha za kunyooshea kidole, michoro, na mtu wake wa karibu awepo kadiri yeye mwenyewe anavyopenda. Mtafute daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na watu hawa, na akikosekana, aliye tayari kujifunza. Azungumze na mdogo wako kwanza, ndipo ageuke kwako. Mtahadharishe pia kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili huitikia "ndiyo" kwa kila swali ili kumridhisha mkubwa. Aulize kwa njia mbili, au ampe mambo mawili achague.

Siku ya kwenda, usitegemee kumbukumbu. Andika kila siku amelala saa ngapi, amekula nini, sikio alilipiga wakati gani na kabla yake kulitokea nini. Rekodi kwa simu akiwa mlangoni usiku. Na kama una video yake ya zamani akisimulia habari za karakana, ianze hiyo. Hakuna maelezo yatakayomfanya daktari aone ukubwa wa badiliko kama kumwona mtu mwenyewe alivyokuwa.

Nyumbani nako kuna tiba. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha watu wazima 161 wenye ulemavu wa akili na sonona. Kundi moja lilisaidiwa hatua kwa hatua kurudia shughuli zenye maana kwao, jingine lilitumia vitabu vya kujisaidia wakiongozwa, na kila mmoja alikuwa na mtu wake pembeni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. Kwa hiyo usimburute kwenda karakana. Mwombe rafiki yake mmoja wa huko aje amtembelee. Siku nyingine mtembee mpaka langoni tu, mrudi. Mpe kazi yake nyumbani ambayo hakuna mwingine anayeifanya.

Lakini kabla ya hapo, chunguza karakana yenyewe. Kuna mwalimu mpya? Rafiki ameondoka? Kuna anayemchokoza, kumpiga au kumshika? Utafiti wa 2012 uliokusanya tafiti nyingi uliona kuwa watoto wenye ulemavu wa akili au matatizo ya afya ya akili walikabiliwa na ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya wasio na ulemavu, na hatari haiishi mtu akikua. Simtuhumu mtu. Nasema muulize, kwa picha za watu na mahali, ukiwa mtulivu.

Na kuoga. Mtu huyu alikuwa anaoga mwenyewe. Leo ni mwanamume wa miaka 31 anavuliwa nguo na mama mdogo. Nilipofika kwenye kumsukuma kwake sikuona ukali, niliona mtu anayesema hapana kwa mkono kwa sababu hakupata neno la kulisemea. Mrudishieni bafu lake. Mwandalie maji, mkumbushe hatua moja moja ukiwa nje ya mlango, na akihitaji mkono, awe mwanamume anayemkubali. Mwambie mama mdogo hivyo pia, kwa upole, naye amefiwa na dada yake na hana haja ya kuogopa mtoto wa dada yake.

Wewe nawe, katika barua nzima hukuandika hata mstari mmoja juu ya huzuni yako. Siku mtakapokwenda kaburini, usiende kama mlezi peke yake. Mwache akuone ukilia. Atajua kwamba kulia kunaruhusiwa. Na watu wa familia wagawane usiku, wakianza na wale walioamua asiambiwe.

Kwa mjomba, mjibu kwa heshima kwamba hakuna uamuzi wa makazi utakaofanywa kwa mtu aliye mgonjwa ambaye hajatibiwa, aliyepoteza mama na kuelekea kupoteza nyumba kwa mwaka mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika kifungu cha 19, unampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani sawa na watu wengine. Akishapimwa, dawa ikishatazamwa upya, na akishamlilia mama yake, familia ikae. Na siku hiyo aitwe naye, akae kwenye kiti kama wengine, aulizwe yeye kabla ya mjomba.